Mnara Usiopitisha Upepo

Ukitoka Kitale mjini kuja kwetu, mwambie mtu wa bodaboda akushushe kwa mnara. Hatakuuliza mnara gani. Uko mmoja tu upande huu wote, wa mawe, wa mviringo, mpana chini na mwembamba juu, na umesimama uwanjani kwangu, katikati ya mahindi. Wageni wakifika huuliza kama ni wa simu, au wa maji, au kama tumeanzisha dini yetu. Mimi huwaambia ni ghala la mahindi. Wanacheka, nami nawaacha wacheke, kwa sababu nikianza kueleza chai itapoa.

Leo wacha nieleze.

Mume wangu ni fundi wa mawe, mtu wa Matulo, kule karibu na Webuye. Mimi ni mtoto wa wale watu waliotoka upande wa Mlima Kenya wakaja kununua mashamba Trans-Nzoia. Nilizaliwa kwenye mahindi, nikakulia kwenye mahindi, na nikifa mtanizika kwenye mahindi. Yeye alikuja kujenga madarasa ya shule ya kanisa letu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapelekea mafundi uji. Siku ya kwanza alionja akaniambia uji umeungua. Nikamwambia ukuta wake umepinda. Ukuta haukuwa umepinda, na uji ulikuwa umeungua kweli, lakini ndivyo tulivyoanza, na mabishano hayo hatujayamaliza mpaka leo.

Jambo la kwanza alilonieleza juu yake, hata kabla ya kuniambia ni mtoto wa nani, ni kwamba alijenga mnara wa taa Pwani. Wakati huo mimi bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda tu. Nikamwuliza mnara wa taa ni wa kazi gani. Akaketi juu ya rundo la mawe akanieleza mpaka sufuria ikabaki tupu na wenzake wakarudi kazini bila yeye. Tangu siku ile ameendelea kueleza: mezani, shambani, kwenye matanga ya watu, hata hospitalini nikiwa na uchungu wa uzazi. Nafikiri mnara ule nimeujenga mara nyingi kuliko yeye.

Hadithi yenyewe huanza kabla hajazaliwa. Pale kwenye rasi walikojenga, anasema, miamba imejificha chini ya maji, na meli zilizokuja gizani zilipasuliwa matumbo. Watu wa pale walikuwa na mlingoti wa mkoko, na juu yake taa ya mafuta ya nazi. Kulikuwa na ukoo mmoja uliokuwa na kazi ya kupanda kuiwasha kila jioni. Upepo ukichachamaa taa inazimika, na mtu anapanda tena. Halafu Wazungu wakaja na mnara wa chuma, wa vipande vipande vilivyoteremshwa melini vikafungwa kwa bolti. Huo ulikaa miaka mingi. Lakini chumvi haina haraka. Ilikula bolti moja baada ya nyingine, na siku mume wangu alipofika, mnara wa chuma ulikuwa umeegemea upande mmoja, umefungwa kwa nyaya pande zote kama mlevi anayeshikiliwa na shemeji zake.

Ndipo ikaamuliwa kwamba sasa ujengwe wa mawe. Mkandarasi aliyepewa kazi alikuwa amejenga sana huku kwetu, akawachukua mafundi aliowajua akawapakia kwenye lori. Mume wangu alikuwa kijana ambaye hata Nakuru hakuwa ameivuka. Walipofika aliionja bahari kwa kidole, kwa sababu nyumbani walikuwa wamemwambia ina chumvi na yeye alidhani ni uongo wa watu waliosafiri.

Msingi ndio uliowatesa. Walichimba kwenye mwamba wenyewe, na bahari haikuwa na habari na mkandarasi. Maji yakipwa wanashuka na sururu, yakianza kujaa wanapanda, wanaketi, wanatazama kazi yao ikimezwa. Kwa mtu wa Matulo jambo hilo lilikuwa matusi. Kwao hakuna mtu anayeweka jembe chini ati mto umesema apumzike. Siku za kwanza aligoma kupanda, akaendelea kupiga sururu maji yakiwa magotini, mpaka wimbi likamchukulia kofia na karai. Saruji nayo ilitaka maji yasiyo na chumvi, na hayo yaliletwa kwa mapipa. Fundi akionekana anayaogea anarudishwa kwao. Basi wakaoga maji ya bahari, wakajikuna hadi kazi ikaisha.

Ukuta ulipotoka kwenye maji mambo yakawa mazuri, na hapa ndipo mzee wangu hubadilika sauti. Walisimamisha chuma katikati, wakafunga kamba, kamba ikawa ndiyo inayoonyesha mviringo. Kila walipomaliza kozi moja, yaani mstari mmoja wa mawe kuzunguka, kamba ilifupishwa kidogo, na ndiyo sababu mnara unaenda ukikonda. Jiwe lenyewe halichongwi mraba. Upande wa nje linaachwa pana, upande wa ndani linakuwa jembamba, kama kipande cha chapati kilichoumwa ncha. Ukiyapanga hivyo yanabanana yenyewe, na bahari ikisukuma ndiyo inazidi kuyabana. Ngazi zilipachikwa ukutani zikazunguka kwa ndani mpaka juu. Madirisha yalikuwa machache, madogo, yote upande wa nchi kavu. Upande wa baharini hawakuacha hata tundu la panya.

Msimamizi wao alikuwa mtu mkali. Kila jioni alipita ndani na kijiti cha kiberiti kimewashwa, akakipitisha polepole kwenye viungo vya mawe. Moto ukiyumba, maana yake upepo umepita, na jiwe lile linatolewa na kazi inarudiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, aliwaambia. Mzee wangu aliichukua methali hiyo akaja nayo nyumbani, akanisomea mimi na watoto mpaka tukaichoka. Jiwe lake halikurudishwa hata moja. Hilo hulisema huku akiangalia pembeni, kama mtu asiyejisifu.

Halafu hawakumwacha aone taa. Ukuta ulipofika juu, kazi ya mawe ikawa imekwisha, mafundi wakalipwa, lori likawashwa. Chumba cha taa kilikuwa cha watu wengine. Vioo vyake vilikuja kwenye masanduku yaliyojazwa nyasi kavu, na yeye aliyaona masanduku tu, tena kwa mbali. Kwa hiyo yeye anajua mnara ule jiwe kwa jiwe na hajawahi kuuona ukiwaka. Nilimwambia mara nyingi twende akauone. Anasema tutaenda tukimaliza kuvuna, na tukimaliza kuvuna ni wakati wa kulima.

Sasa nije kwa huu wa kwangu.

Miaka michache iliyopita kifua chake kilianza kusumbua. Alikuwa akikohoa asubuhi, halafu akawa anakohoa asubuhi na jioni, halafu akawa hawezi kutoka bombani na ndoo bila kusimama njiani. Daktari wa mjini alimpiga picha, akatuambia ni vumbi la mawe, vumbi la maisha yote, limekaa humo na halitatoka. Alimkataza kugusa jiwe tena. Tulirudi nyumbani. Pale getini akaniambia, sio daktari, mimi, kwamba nimwache ajenge kitu kimoja tu cha mwisho.

Na mwaka huo huo mchwa walikuwa wameangusha ghala langu.

Hapa lazima niseme kitu juu ya ghala. Kwa watu wetu ghala ni la mwanamke. Mwanamume anaweza kulijenga, lakini mahindi yakishaingia humo, hana ruhusa ya kuingiza mkono bila kuitwa. Mama yangu angeona mkono wa baba ghalani angerudi kwao siku hiyo hiyo. Mume wangu alicheka sana nilipomwambia mambo haya tukiwa wachumba, akasema kwao Matulo mtu anachota unga anakotaka. Lakini alikubali, na miaka yote tuliyoishi hajawahi hata kuchungulia bila kuitwa. Ukimwuliza tumebakisha mahindi kiasi gani, anakwambia kaulize mwenye ghala.

Ghala lililoanguka lilikuwa la fito, limesimama kwa miguu, upepo unaingia huku unatokea kule. Nilitaka lingine kama hilo, labda la mbao na waya. Yeye akasema mawe. Nikamwambia mahindi si meli. Akasema mchwa hawali mawe, panya hawatoboi mawe, na mwizi hapasui mawe mwenye nyumba asisikie. Hayo yote yalikuwa kweli. Tulibishana kwa siku nyingi, na mimi si mtu wa kubishana kwa sauti ya chini, majirani wanajua. Kisha asubuhi moja nikatoka na ndoo ya maziwa, nikamkuta ameshachomeka chuma katikati ya uwanja, ameshika kamba, anazunguka polepole akichora mviringo ardhini, na uso wake ulikuwa uso wa yule kijana wa uji ulioungua. Nilimpenda asubuhi ile kuliko siku ya harusi. Nilimkasirikia pia. Nikaenda nikamimina maziwa kwenye sufuria, nikamchemshia chai.

Alijenga polepole. Tuliajiri watu wa kumchongea, wachonge mbali naye ili vumbi lisimfikie, na mimi nilimshonea kitambaa cha mdomoni ambacho alikivua kila nilipogeuka. Kupanga mawe alipanga mwenyewe. Ndugu yake mdogo alikuja kutoka Matulo kutazama, akazunguka ukuta, akashika kiuno. "Sasa meri itapita wapi hapa, bana?" akauliza. Watu wa kazi walicheka mpaka wakaketi. Mzee wangu hakucheka. Alimwonyesha viungo vya mawe, akawasha kiberiti, akakipitisha ukutani. Moto ulisimama wima.

Nilimwuliza upepo utaingilia wapi. Akaniambia upepo ndio unaoleta unyevu, kwamba ndani ya mnara wa Pwani mtu angeacha chumvi wazi na ingekaa kavu. Sasa mimi nitabishana vipi na mtu aliyezuia bahari? Aliniwekea mlango mdogo juu wa kumwagia mahindi na mwingine chini wa kutolea, yote ya mbao nene, imebana kabisa. Siku ya kumaliza mchungaji alikuja akauombea, tukachinja kuku, na mzee akakaa kwenye kigoda akiutazama mpaka watu wakaanza kuaga. Tangu siku ile kigoda kikabaki pale. Ilikuwa ndiyo kazi yake, kukaa mbele ya mnara.

Mwaka huo mvua haikujua kalenda. Tulivuna mahindi yanalowa, tukayaanika, yakalowa tena, tukayaanika tena. Mwishowe tukapata siku chache za jua, nikaona yatosha, tukayajaza ghalani na magunzi yake kama tulivyozoea. Kwenye ghala la fito yangemalizia kukauka yenyewe humo ndani. Nimefanya hivyo tangu niolewe, na mama yangu kabla yangu.

Nilipokwenda kutoa ya kwanza kusaga, nilifungua ule mlango wa chini na joto likanigusa mkono. Nilidhani ni jua limepiga mbao. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na kule ndani kulikuwa na moto kama wa kuku anayelalia. Harufu ilikuwa ile ya kimea, ya mahindi yaliyoloweshwa kwa ajili ya pombe ya busaa. Nikatoa gunzi moja, nikaliona limeanza kufanya kuvu ya kijani kwenye mizizi ya punje. Nyuma yangu mzee alikuwa kwenye kigoda chake. Akaniuliza nimepata ya kutosha. Nikamwambia nimepata.

Wewe unayesoma huenda unanunua unga dukani, kwa hivyo nikwambie. Mahindi yale yalikuwa chakula chetu cha mwaka mzima, na cha binti yangu aliyeko Kanduyi na watoto wake. Kuvu ikishaingia, hayo si mahindi tena, ni sumu, ile wanayotangaza kwenye redio kila mwaka, na watu wanazikwa. Ilikuwa lazima mahindi yatoke, na ukuta utobolewe ili upepo uingie. Na ukuta huo ndio kitu cha mwisho ambacho mume wangu angejenga duniani. Sikujua jinsi ya kuokoa kimoja bila kuua kingine, na niliogopa, kusema ukweli niliogopa sana.

Nilipanda gari nikaenda Kanduyi kwa binti yangu. Ni mwalimu, anakaa si mbali na uwanja wa mpira, na jambo la baba yake likimgusa kidogo analia. Alinisikiliza, akapika chai, akalia, kisha akampigia simu baba yake mdogo kule Matulo, na hao wawili wakanitungia mpango. Binti atakuja kumchukua mzee, ampeleke Matulo akasalimie watu kwa muda. Akiondoka tu, mimi naleta mafundi, tunatoa mahindi, tunatoboa ukuta. Akirudi tunamwambia ni wezi waliovunja. Shemeji yangu alisema kwenye simu kwamba hata yeye atakuja kulaani hao wezi mbele ya mzee, na atawalaani vizuri. Nilirudi Kitale nikiuona ni mpango mwema. Ukiwa na hofu, kila kitu ni chema.

Siku ya safari binti alifika mapema na gari la kukodi. Mzee alikuwa ameshavaa koti lake la kanisani na kofia, amefurahi, kwa sababu Matulo hakuwa amefika tangu kifua kianze. Nilimfungia mfuko wa dawa. Tukatoka naye kuelekea gari, na njia inapita mbele ya mnara. Pale akasimama. Akaweka kiganja kwenye jiwe, kama unavyomgusa ng'ombe ukipita, akanigeukia.

"Mahindi yako yanaendeleaje huko ndani?"

Aliuliza tu. Ilikuwa adabu ya mtu anayeaga. Binti yangu alinikazia macho kutoka kwenye mlango wa gari, na nilikuwa nimeshafungua kinywa niseme ni mazuri. Lakini nimebishana na mtu huyu maisha yangu yote, nimemtukania ukuta, nimemtukania kofia, nimemwambia mambo mbele ya wakwe ambayo hayasemwi, na katika yote hayo sijawahi kumdanganya. Mdomo ulikataa.

"Njoo uingize mkono," nikamwambia.

"Kwenye ghala lako?"

"Mimi ndiye nakuita."

Alinitazama. Nafikiri alijua hapo hapo, kabla ya kugusa kitu, kwa sababu sijawahi kumwita. Akavua kofia akampa binti. Akapiga magoti taratibu, akakunja mkono wa koti la kanisani, nikamfungulia mlango wa chini. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na akauacha humo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshindwa kuuacha. Alipoutoa alinusa kiganja, halafu akainua macho akaufuata ukuta kutoka chini mpaka juu, kozi kwa kozi. Binti alianza kusema kitu kuhusu mvua ya mwaka huu, kwamba ni mvua, si kosa la mtu. Mzee akamnyooshea kidole anyamaze.

Aliniuliza tangu lini. Nikamwambia. Akasema alikuwa ameketi pale pale siku hizo zote, mgongo wangu ukiwa mbele yake, na hakuona kitu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba ule wa Pwani ulikuwa na kazi ya kuzuia pumzi ya nje isiingie, na huu ulitakiwa kuacha ya ndani itoke. Nilitaka kumwambia nilikuuliza upepo utaingilia wapi. Nilikuwa na haki ya kusema hivyo, na kwa miaka yote ya nyuma ningesema, tena mara mbili. Nikamwona akikifuta kiganja kwenye koti la kanisani, nikayameza maneno.

Binti alisema tutaita mafundi wa mjini. Mzee akasema hakuna fundi atakayeugusa ukuta ule kabla yake, na aletewe nyundo kubwa na tindo. Nilimkumbusha maneno ya daktari. Akaniambia daktari alimkataza kujenga, hakumkataza kubomoa. Akachukua kipande cha makaa akaanza kutia alama kwenye mawe, moja hapa, nyingine juu kidogo pembeni, hivyo hivyo akizunguka, kwa sababu ukitoboa kwa mstari mmoja mnara unapasuka wote. Kisha akafunga kitambaa mdomoni, safari hii bila kuambiwa, akapiga.

Jiwe halikusogea. Alipiga tena, likatoa vumbi tu. Alikuwa amelibana jinsi alivyofundishwa. Akapiga mpaka kikohozi kikamkamata, kikamkunja, akashika ukuta kwa mkono mmoja, mimi nikimshika mgongo na binti akilia waziwazi. Kilipopita aliketi kwenye kigoda. Alipumua kwa muda. Halafu, bila kunitazama, akaninyooshea nyundo.

"Gonga."

"Mimi?"

"Mimi nimeingiza mkono kwenye ghala lako," akasema. "Gonga."

Miaka yote hiyo nimeolewa na fundi na nyundo yake sikuwahi kuishika. Ni nzito, na mpini wake umechimbika pale vidole vyake vinapokaa, kwa hivyo vyangu havikukaa vizuri. Nilipiga, nikakosa alama. Akaniambia chini kidogo. Nikapiga tena. Akaniambia niache kulionea huruma, jiwe halijui huruma. Nililia, sitaficha, machozi yalichanganyika na vumbi nikawa sioni, na yeye akaendelea kunielekeza, kushoto, hapo, tena hapo hapo, sauti yake imetulia kuliko nilivyowahi kuisikia. Jiwe likapasuka ghafla, nusu yake ikaingia ndani. Hewa ya moto ikanipiga usoni na ile harufu, na kwenye tundu mahindi yakaanza kuchungulia.

Siku nzima tulifanya kazi hiyo. Majirani waliosikia nyundo walikuja, na wanaume wakanipokea nyundo, lakini kila jiwe lilitolewa kwa maneno yake, akiwa kwenye kigoda. Wanawake wa kanisa walitandaza turubai, mahindi yakatolewa yote, tukaanza kuchagua. Yaliyoshika kuvu tuliyachoma nyuma ya zizi, hatukuwapa hata kuku. Yaliyopona yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia na machache kuliko tuliyohitaji. Shemeji yangu alipiga simu kuuliza kama wezi wamefika. Binti alimjibu kwamba wamefika, ni sisi.

Jua lilipokuwa limeshuka, watu wakaenda zao na binti akaingia jikoni. Tulibaki wawili kwenye turubai tukichagua yaliyobaki, koti lake la kanisani limejaa vumbi jeupe. Mnara ulikuwa na matundu kuzunguka mpaka juu. Hatukuutazama.

"Kwa nini hukuniambia siku ile ya kwanza?" akauliza.

"Niliogopa utakufa."

Akaligeuza gunzi mkononi, akalikagua, akaliweka upande wa mazuri. "Na tungekula haya, si ningekufa vilevile? Tena na wewe."

Nilicheka. Naye akacheka kidogo, kikohozi kikamzuia, nikampa maji. Tukarudi kuchagua. Nilikuwa nasubiri aseme kitu juu ya ukuta, na sikutaka aseme.

"Hili si ghala," akasema mwishowe. "Mwaka ujao nikipata nguvu nitalibomoa lote, nikujengee lingine. Lenye madirisha."

Nilisikia pumzi yake jinsi ilivyokuwa ikitoka. Mikono yake ilikuwa imelala kwenye magoti, na haikuwa na nguvu ya kufunga ngumi. Alijua, nami nilijua, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu sikubishana naye. Nilimwuliza madirisha atayaweka upande gani. Akasogea karibu, akaanza kunieleza.